Naombeni ushauri: nimepewa kucheza Idi Amin, kila nikifungua mdomo watu wanacheka

Kitambi_cha_Jukwaa: Wakuu habari za jioni. Kikundi chetu cha mtaani tunaandaa igizo la vita vya Kagera, mimi nimepangiwa Amin kwa sababu ya mwili tu, futi sita na kitu na kitambi kipo. Sasa kila nikianza kuongea wenzangu hoi, mbavu hawana. Dairekta kasema niangalie muvi ya The Last King of Scotland nimkopi Forest Whitaker aliyemcheza Amin, nimeiangalia mara tatu, nimeiga macho, nimeiga na kile Kiingereza chake, ndo kwanza nimekuwa kichekesho zaidi. Zimebaki wiki tatu. Nifanyeje?

FundiSini: Mkuu unamuiga Whitaker wakati mwenyewe hakuigiza kwa kukariri macho. Jamaa alienda Uganda akaongea na ndugu wa Amin, akajifunza Kiswahili, akajifunza na akodioni maana Amin alikuwa anaipiga kweli, ndo akabeba Oscar 2007. Wewe Kiswahili umepewa bure halafu unakimbilia lafudhi ya Kiingereza ya mtu mwingine! Amin aliingia KAR, jeshi la wakoloni Waingereza, 1946, Kiswahili chake ni cha kambini, cha kuamrisha. Anzia hapo.

Nduli78: Mcheze nduli tu, watu wanakuja kuona akichapwa. Sababu tunayo 😂

Bibie_wa_Missenyi: Nduli78 punguza utani. Mama yangu alikimbia 1978 na mtoto mgongoni, mpaka leo Amin akitajwa mezani anaacha kula. Kaka, mimi nakuomba ile muvi uiangalie tena ila usimwangalie Whitaker, muangalie James McAvoy, yule daktari. Kuna sini mwanzoni anampiga risasi ng'ombe aliyegongwa na gari, kwa bastola ya Amin mwenyewe, askari wote wanamnyooshea bunduki, halafu Amin akisikia kijana ni Mskochi anachangamka, anavua shati la jeshi wabadilishane na fulana ya Scotland. Mimi pale nilicheka kabisa. Nilicheka wakati bunduki zimetoka kushushwa sasa hivi! Yaani nimenaswa kama yule daktari alivyonaswa. Kwa hiyo wakicheka waache wacheke, ila hakikisha kuna mtu jukwaani hacheki.

FundiSini: Dada umemaliza. Naongezea ile ya Wahindi, walipewa siku 90 waondoke Uganda mwaka 1972. Mambo yakishaharibika Amin anamlaumu daktari kwa nini hukuniambia nisiwafukuze, daktari anasema nilikuambia, jamaa anajibu hukunishawishi. Yaani yeye ndo kaonewa! Kwenye igizo lako usiseme hata mstari mmoja kama mtu anayejua kwamba yeye ni mbaya.

Mzee_wa_Kaseti: Vijana mnamsahau Joseph Olita, Mkenya, Rise and Fall of Idi Amin ya 1981. Alifanana naye hadi unashtuka. Ila ile muvi imemfanya zimwi mwanzo mwisho, nusu saa nyingi ushalizoea zimwi lenyewe. Kijana, kufanana umeshafanana, pumzika sasa.

Kitambi_cha_Jukwaa: Asanteni sana wakuu, Bibie pole kwa mama. Jana nimejaribu, lafudhi nimetupa, nikamwita yule anayecheza waziri taratibu kabisa, "njoo kaa hapa ndugu yangu", nikamrekebishia kola ya shati. Walicheka kidogo kisha wakanyamaza, na waziri mwenyewe kasahau mistari yake yote, dairekta kamfokea yeye badala ya mimi. Sasa tatizo lililobaki ni gwanda, wameazima sijui wapi, vifungo viwili havifungi kabisa. Kuna mtu Dar anakodisha size za watu wazima?