Mjadala: redio ikicheza zilizopendwa, iache wimbo ufike mwisho ama ikate ikipenda?

Wakubwa kwa wadogo, salamu zenu. Hii maneno naileta hapa kwa sababu imenikaa kwa roho tangu Jumapili na sijaweza kuinyamazia.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kibuye, Kisumu, cherehani iko veranda na redio iko juu ya meza kutoka asubuhi hadi nifunge. Jumapili mchana huwa nangoja programu ya zilizopendwa kwa stesheni moja ya huku, jina naacha. Sasa Jumapili hii jamaa akaweka wimbo wa gita moja, mtu anaimba huku anadonoa nyuzi na pembeni mwenzake anakwaruza chupa ya Fanta, ile chupa ya zamani yenye mistari mistari, krr krr krr, na mtu wa upande wetu akisikia hiyo chupa peke yake anajua hii ni omutibo, gita la vidole la Kakamega na Vihiga, kazi ya kina George Mukabi wa Kisa. Mtangazaji akaingia na sauti yake juu ya chupa, akasoma meseji nne, akapitisha tangazo la kubeti, wimbo ukarudi kidogo halafu ukakatwa gita likiwa ndiyo linaanza kujibu sauti, na yeye akamalizia, "hiyo ilikuwa rumba tamu kutoka Kongo."

Mama anayeuza mitumba hapo kando yangu ni wa Khwisero. Aliweka chini ile blanketi alikuwa anakunja akaniuliza, "Fundi, huyu mtoto amesema nini?" Sikuwa na jibu.

Kwa hivyo swali langu kwenu ni moja. Programu ikijiita ya muziki wa zamani, kuna kiwango inafaa kufikisha ama kila mtu ajiendee vile anataka? Mimi nasema kiwango kipo na si kikubwa, ni vitu viwili: wimbo uchezwe hadi uishe, na tuambiwe ni nani amepiga. Hayo mengine yote niko tayari kuachilia.

Wacha nieleze kwa nini hiyo ya kwanza inaniuma. Baba yangu alifanya kazi reli, na kila mwisho wa mwezi kabla ya kwenda nyumbani Luanda, hii ya Vihiga, alikuwa ananunua santuri moja, zile ndogo za 45. Mkono wa mashine ulikuwa umechoka kwa hivyo alikuwa amebandika sarafu ya shilingi juu ya kichwa chake ndiyo sindano isiruke, na hakuna mtoto aliruhusiwa kuishika. Sasa upande mmoja wa santuri ya namna hiyo unabeba dakika nne, tano hivi, lakini wimbo wenyewe ni mrefu, kwa hivyo studio walikuwa wanaukata mara mbili. Upande A mwimbaji anakupa habari yake polepole, ameachwa, ana deni, amefutwa kazi, na unaisha hivyo sauti ikizama. Baba anainuka, anageuza, anapuliza vumbi, anaweka sindano, na upande B unaanza magita yakiwa tayari yamechemka, maneno yameisha, na hapo ndipo mama alikuwa anatoka jikoni akifuta mikono. Wakongo wanaita sebene, na benga, muziki wetu wa magita wa huku Nyanza, nayo ina yake. Kule ndiko wimbo ulikuwa unaenda wakati wote!

Nimesikiliza sana siku hizi na nimegundua nyimbo nyingi zenye zinachezwa hewani zinaishia pale pale sindano ya baba ilikuwa inaishia. Mtu alihamisha upande A kwa kompyuta akaacha B, hiyo ikatembea kwa flashi kutoka stesheni hadi stesheni, na sasa kijana wa miaka ishirini anajua nusu ya wimbo na anadhani ni wote, na akikuambia muziki wenu wa zamani ni wa kulala utamlaumu vipi na hajawahi kufikishwa mahali pa kuamka?

Na hata upande wote ukichezwa, kuongea juu ya magita ni kuyafuta. Bendi ya Kongo kama TPOK Jazz ya Franco ilikuwa na gita lingine zaidi ya solo na rithimu, wanaliita mi-solo, linakaa katikati ya hayo mawili kama mtu anayepatanisha majirani. Haliko mbele, ukiongea tu kidogo limepotea. Franco mwenyewe miaka ya mwisho kabla afariki 1989 alikuwa anatoa nyimbo zinakaribia robo saa, na hakuna mtu mwenye akili anapanga robo saa ya magita ndiyo wewe uje usome meseji juu yake. Benga ni hivyo hivyo, lile gita la kuongoza lilijifunza kwa nyatiti, ala ya Wajaluo yenye nyuzi nane, linaongea, linauliza na kujibiwa, D.O. Misiani alikuwa anaimba kidogo halafu anaachia gita liseme yale hakutaka kusema kwa mdomo. Ukikata hapo umemkatiza mzee katikati ya sentensi.

Hiyo ya pili, jina. Si kiburi cha wazee. Stesheni zinalipa leseni ili zicheze muziki, na pesa zikifika kwa mashirika ya mirabaha zinafaa zigawanywe kulingana na nani amechezwa, sasa kama stesheni haijui ni nani amepiga, mjane kule Butere au Ahero atapata nini? Ukisema omutibo ni rumba ya Kongo, umempa mtu mwingine jasho la huyu.

Wengine wataniambia haya ni mambo ya Kenya, huko nje wako sawa. Hapana. Binamu yangu anaimba kwaya huko Uingereza na anasema wana ugomvi huu huu kwa muziki wao wa kina Beethoven na Handel. Tangu stesheni ya Classic FM ianze mwaka 1992 watu wanabishana kama ni halali kucheza kipande kimoja kitamu cha simfoni, ule muziki mrefu wa okestra wenye sehemu kadhaa, badala ya simfoni nzima, na BBC Radio 3, ambayo ndiyo ilikuwa ya wale wanaotaka kitu kizima, nayo mwaka 2024 ikafungua idhaa ya pembeni, Radio 3 Unwind, ya muziki wa kutuliza akili, na kuna waliofurahi na kuna waliokasirika. Watu wa kwaya wanaelewa hii kabisa. Simfoni ya tisa ya Beethoven inapita saa moja na kwaya inangoja hadi sehemu ya nne ndiyo iingie, ukicheza hiyo peke yake ni tamu ndiyo, lakini yule aliyengoja anasikia kitu kingine. Tofauti ni kwamba wao wakikatiwa, santuri nzima iko dukani. Zetu nyingi ziko kwa katoni chini ya kitanda cha mtu.

Haya, semeni.

NYONGEZA, usiku. Asanteni kwa majibu, nimesoma yote, wacha nijibu machache.

Ndugu wa Nakuru anayeuza matangazo kwa redio amesema bila tangazo kila baada ya dakika kumi hakuna mshahara, na kwamba wimbo wa dakika nane unafukuza msikilizaji. Ya mshahara nakubali kabisa, sitaki mtu alale njaa kwa sababu ya gita. Lakini weka tangazo kabla ya wimbo na baada, kwa nini ndani? Hata mhubiri hapitishi sadaka katikati ya maombi. Na hiyo ya kufukuza wasikilizaji, soma jibu la yule dereva wa matatu ya Nakuru Kisumu hapo chini yako, yeye anasema akitoka Mau Summit akishuka Londiani stesheni zinaanza kupotea moja moja na abiria wanamwambia asiguse kama kuna wimbo mrefu unaendelea. Abiria hao si wazee wote.

Mama wa Bungoma amenigusa. Amesema salamu ndiyo programu yenyewe, kwamba kutoka enzi za VOK, ile redio ya taifa ya zamani, watu walikuwa wananunua kadi za salamu, wanaandika majina ya ukoo mzima, na dada yake aliyeolewa mbali alijua watu wa nyumbani wako hai kwa kusikia majina redioni. Mama, hapo umenirekebisha, niliandika juu ya meseji kama takataka na si haki. Salamu zisomwe, zisomwe zote, hata nusu saa, na mimi nitasikiliza. Naomba tu zikae kabla ya wimbo, vile zilikuwa zamani, jina la msalimu, jina la wimbo, jina la bendi, halafu mtangazaji ananyamaza.

Kuna aliyesema tatizo ni watangazaji vijana. Hapo sikubaliani. Kijana mmoja wa hapa Kondele anafanya programu ya benga usiku, hajafika miaka thelathini, na anataja hadi mpiga besi. Alijifunza kwa kuuliza wazee. Na kuna wazee hewani wanaokata wimbo kama wanakata sukuma. Umri hauko hapa.

Na aliyeniambia niende YouTube niache redio: baba, cherehani inataka mikono miwili na macho mawili, na bando si bure. Redio ndiyo inanifikia nikiwa kazini, mimi na huyu mama wa mitumba na kinyozi na hawa wote wa boda hapo nje, wimbo mmoja kwa saa moja. Simu hainipi hiyo.

Jambo moja la mwisho naomba msaada. Kwa katoni ya baba nimebaki na santuri sitini na tatu, na stesheni yoyote itakayocheza pande zote mbili nitaleta mwenyewe bila malipo. Lakini kuna moja karatasi ya katikati imelika na mende, hakuna jina, limebaki neno "Twist" na nusu ya herufi. Ni gita mbili na chupa, mwanaume anaimba Kiswahili chenye lafudhi ya kwetu, anamwomba mtu anaitwa Rosa arudi kabla ya mvua ya Aprili, na upande B kuna mahali anacheka katikati ya gita, kicheko kifupi, kama mtu amemfanyia kitu pale studio. Baba alikuwa anamjua lakini sikuwahi kumwuliza. Kama kuna mtu anakumbuka kicheko hicho, aniandikie jina.