Mjadala: RPG za zamu zimepitwa na wakati? Mimi napinga, na hasa kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna hoja inayozunguka kwa wapenzi wa gemu hapa Mbeya, kuanzia vibanda vya Mwanjelwa hadi kwa vijana wa chuo kikuu cha MUST, na ndugu zetu wa Iringa nao wameidaka. Inasema RPG za zamu, zile ambazo unachagua pigo, unampiga adui, kisha na yeye anakupiga, ni mabaki ya enzi za mashine dhaifu. Sasa PS5 (PlayStation 5) ipo, kwa hiyo kila RPG iwe ya kukimbia, kukwepa na kukata panga papo kwa papo, na anayebaki kwenye zamu ameachwa na treni. Napinga hoja hiyo mwanzo mpaka mwisho.

Kwa mgeni wa mambo haya: RPG ni gemu ambalo unavaa uhusika wa mtu, unamkuza kwa leveli, silaha na ujuzi, na maamuzi yako yanabeba hadithi. Chimbuko lake si kompyuta. Ni Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974, watu wamezunguka meza na dadu, kila mmoja anangoja zamu yake aseme mhusika wake anafanya nini. Kwa hiyo zamu ilikuwepo kabla ya skrini.

Tuanze na dai la mashine dhaifu, maana ndilo linalorudiwa sana na ndilo bovu kuliko yote. Dragon Quest ilitoka Japani mwaka 1986 kwenye Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, Final Fantasy ikafuata mwaka 1987 kwenye mashine hiyo hiyo. Zote za zamu. Lakini mwaka huo huo wa 1986, Famicom hiyo hiyo ilipata The Legend of Zelda, ambayo unatembea na kuchoma upanga papo kwa papo bila kusubiri mtu. Super Mario Bros. ilikuwa imeshatangulia mwaka 1985. Mashine iliweza. Yuji Horii, mbunifu wa Dragon Quest, na wenzake waliochukua njia ya zamu waliichagua kwa sababu walitaka gemu la kufikiri, wakiwa wamevutiwa na Wizardry na Ultima, RPG za kompyuta za Wamarekani.

Na angalieni kilichofuata. Final Fantasy IV ya mwaka 1991 iliingiza saa ndani ya zamu: ukichelewa kuamua, adui anakuwahi. Mbunifu wake, Hiroyuki Ito, alipata wazo kwa kutazama mbio za magari za Formula 1. Mfumo huo ukabebwa hadi Final Fantasy VII ya mwaka 1997 na kuendelea. Halafu ikaja PS2, mashine yenye nguvu kuliko zote ambazo watengenezaji wa mfululizo huo walikuwa wametumia, na Final Fantasy X ya mwaka 2001 ikafanya nini? Ikaiondoa saa! Ikarudi kwenye zamu kamili, na pembeni ya skrini ikakuonyesha orodha ya nani anafuata kupiga. Kama zamu ni ugonjwa wa mashine dhaifu, mtu anieleze kwa nini mashine ilipopata nguvu walizidisha zamu.

Hapo kwenye Final Fantasy X nakaa kidogo, kwa sababu ndiyo iliyonifungua macho. Una wahusika saba, watatu wanapigana kwa wakati mmoja, na unaweza kumtoa mmoja na kumwingiza mwingine katikati ya vita bila kupoteza zamu. Anaruka? Mlete Wakka na mpira wake. Ana gamba gumu? Auron. Ni mwepesi, anakwepa kila kitu? Tidus. Ni wa moto na anahitaji barafu? Lulu. Kila adui ni swali, na jibu unalo ndani ya timu yako. Huchoki kwa vidole, unachoka kichwa, na kuchoka kwa namna hiyo ndiko kulikonifanya niipende RPG kuliko gemu lolote la mpira.

Wapo wanaoleta hoja ya mauzo. Wanasema Elden Ring ya mwaka 2022, ambayo ni ya papo kwa papo, iliuza nakala milioni 12 ndani ya wiki tatu, kwa hiyo soko limeshaamua. Elden Ring ni gemu kubwa na silikejeli hata kidogo. Lakini Novemba ya mwaka huo huo Pokémon Scarlet na Violet ziliuza nakala milioni 10 ndani ya siku tatu za kwanza. Siku tatu. Na Pokémon ni ya zamu tangu ilipozaliwa mwaka 1996. Mwaka 2023 gemu bora la mwaka kwenye The Game Awards lilikuwa Baldur's Gate 3 ya Larian, studio ya Ubelgiji. Zamu. Mwaka 2025 likawa Clair Obscur: Expedition 33 ya Sandfall, studio changa ya Montpellier, Ufaransa. Zamu tena. Soko mnalolitaja ni soko la wapi?

Habari ya Baldur's Gate inanoga zaidi. Zile mbili za mwanzo, za mwaka 1998 na 2000, zilikuwa za papo kwa papo zenye kitufe cha kusimamisha vita. Larian walipotangaza kuwa ya tatu itakuwa ya zamu, mashabiki wakongwe walilalamika kwamba mfululizo wao unarudishwa nyuma. Gemu lilipotoka, likawa hilo mnalolijua. Waliothubutu kuirudisha zamu ndio waliolipwa.

Upande wa pili una mtu mzito, na haki yake nampa. Naoki Yoshida, mtayarishaji wa Final Fantasy XVI ya mwaka 2023, alieleza kwamba vijana wengi wa sasa hawaoni maana ya kuchagua amri kwenye orodha ili mhusika apige, wakati wanaweza kubonyeza akapiga. Wakaifanya XVI ya papo kwa papo moja kwa moja. Lakini wakaweka ndani yake pete maalumu ambazo mhusika wako akizivaa, anakwepa mwenyewe kwa wakati sahihi au anapiga mapigo magumu kwa kitufe kimoja. Kwa nini ziwepo? Kwa sababu walijua wapo wanaopenda hadithi na mbinu lakini mikono yao haina kasi. Kwenye gemu la zamu mtu huyo hahitaji pete. Ni mchezaji kamili kuanzia dakika ya kwanza.

Sasa tuje nyumbani, maana hili ndilo lililonifanya niandike.

Vifaa vyetu wengi tunavijua. Pedi zimetumika mpaka analogi, kile kijiti cha kumwongozea mhusika, inajisogeza yenyewe. Runinga ya kawaida, ukibonyeza sasa inaonyesha baadaye kidogo. Simu ya kawaida yenye PPSSPP, programu ya kuchezea gemu za PSP, inayokata picha vita vikipamba moto. Umeme unaweza kukatika mvua za Novemba hadi Aprili zikikolea. Katika mazingira hayo, gemu linalotaka ukwepe panga ndani ya sehemu ndogo ya sekunde linakupima kifaa kabla ya kukupima akili. Kijana wa Uyole mwenye pedi iliyochoka anapigwa na bosi, yule adui mkubwa wa gemu, mara nyingi kwa kosa ambalo si lake, halafu mwenzake mwenye pedi mpya anamwambia hajui gemu. Hapo mimi nakasirika kweli. Kwenye zamu wote wawili wako sawa: aliyepanga vizuri anashinda.

Halafu kuna namna yetu ya kucheza. Huku mtu hachezi peke yake chumbani. Baridi ya Juni na Julai watu wamejaa sebuleni au kibandani, mmoja ana pedi, watano wanatazama. Gemu la papo kwa papo linawafanya wale watano kuwa watazamaji tu. La zamu linawafanya washauri. "Usimpige huyo, mponye kwanza mganga wetu!" "Acha, ana zamu mbili mfululizo, tazama orodha!" Ni kama drafti ya vizibo pale kijiweni: anayecheza ni mmoja, wanaowaza ni kijiwe kizima. Na Baldur's Gate 3 inakwenda mbali zaidi, inaruhusu watu wawili kwenye runinga moja, kila mmoja na mhusika wake.

Jambo la lugha nalo mnalipita haraka mno. RPG nyingi zinazotufikia maelezo yake ni ya Kiingereza, na ni mengi. Mdogo wetu wa darasa la sita akiwa katikati ya vita vya papo kwa papo hasomi kitu, anabonyeza tu. Kwenye zamu, vita vinamngoja. Anasoma maelezo ya uchawi, anamuuliza dada yake maana, dada anawasomea wote, ndipo anachagua. Nimeona watoto wakijifunza hivyo kukaa na maandishi marefu bila kulazimishwa na mwalimu. Anayesema kusubiri ni udhaifu wa mfumo huu hajawahi kumtazama mtoto anayesoma wakati huo.

Wenye vibanda wana hoja yao, na ni ya riziki, kwa hiyo isipuuzwe. Wanasema mechi ya mpira inaisha haraka, wawili wanalipa, wanatoka, wawili wengine wanakaa. RPG mtu anataka saa nyingi na anataka kusevu safari yake. Kweli. Lakini enzi za PS2 tulikuwa na jibu: kila mtu na memori kadi yake ya megabaiti 8 mfukoni, anafika, anachomeka, analipia muda, anaondoka na safari yake. Sioni kwa nini mwenye kibanda cha Kabwe leo asitenge mashine moja kwa siku za katikati ya wiki, asubuhi, wakati wa mpira hawajaja, akalipisha kwa saa na kila mteja akawa na akaunti yake. Mashine inayokaa bure asubuhi haimwingizii kitu.

Niende haraka kwenye lile la Expedition 33, kwamba "hiyo si zamu safi, kuna kukwepa na kuzuia kwa kubonyeza kwa wakati." Ni kweli ipo. Lakini kubonyeza kwa wakati ndani ya zamu kulikuwepo tangu Super Mario RPG ya mwaka 1996. Ni tawi la mti huu huu. Uamuzi wa nani apige, kwa silaha gani, kwa gharama gani, bado unafanyika vita vikiwa vimesimama.

Mahali ambapo wapinzani wangu wana haki ni kwenye vita vya kujirudia. Unatembea hatua chache, vita. Tena hatua chache, vita vile vile, na adui yule yule. Kuna gemu zilizonyoosha saa zao kwa njia hiyo na ni kumpotezea mchezaji muda wake, tena mchezaji anayelipia kwa saa au anayewahi umeme. Ila hiyo ni dhambi ya kupanga maadui, na tiba imeshapatikana ndani ya mfumo wenyewe: Bravely Default inakuachia uamue vita vije mara ngapi, na Final Fantasy VII ile ile ya 1997 iliyoletwa kwenye PS4 ina kitufe cha kuharakisha mara tatu na cha kuzima vita vya njiani.

La mwisho, na hili nawaelekezea wanaosoma kompyuta hapa MUST na kule Iringa. Wenzetu wa Kiro'o Games, Kamerun, walitoa Aurion mwaka 2016, RPG ya Kiafrika yenye hadithi yao, na mapigano yao waliyafanya ya papo kwa papo. Nawaheshimu sana. Sisi tuna Lugalo. Agosti 17, 1891, majeshi ya Mkwawa yalivizia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Zelewski, wakawavaa kabla hawajajipanga na bunduki zao, na Zelewski mwenyewe akauawa. Nionyesheni mfumo unaobeba tukio hilo vizuri kuliko zamu. Kwenye Baldur's Gate 3 aliyeviziwa anapoteza zamu yake ya kwanza, na hiyo ndiyo Lugalo yenyewe: mikuki dhidi ya bunduki za kisasa, na zamu moja ya bure iliyobeba vita vyote. Kisha sura inayofuata ni ngome ya Kalenga, mwaka 1894, Wajerumani wamerudi na mizinga, na mchezaji anaamua nani abaki ukutani, nani aondoke usiku, chakula kigawanywe vipi. Vijana wachache wenye kompyuta za kawaida wanaweza kuanza hilo kwa RPG Maker, programu ambayo mapigano yake ya msingi ni ya zamu.

Anayeshikilia kuwa zamu imekufa, naomba anijibu kwa Kalenga hiyo hiyo: angeitengeneza vipi papo kwa papo, kwenye simu ya kawaida, ili watu watano wa sebule moja ya Kihesa waicheze wote? Aje na mpango wake, tuuchambue hapa. Na wenye vibanda, semeni: mashine moja ya asubuhi, kwa bei gani ya saa, mngekubali?