Elia ana miaka saba, babu yake anataka kumfundisha shabaha

*Kikundi: UKOO WA BABU, VUDEE. Jumamosi mchana.*

Anneth (Minnesota): Shikamooni wakubwa. Wadogo mambo. Nina jambo limenikosesha usingizi, naomba akili zenu. Mnajua babu yake Elia upande wa baba ni mwindaji, kila Novemba yuko porini na kulungu wake. Sasa ametangaza mezani kwamba tukienda kwake ziwani mwezi wa saba, anaanza kumfundisha Elia kupiga bunduki. Mume wangu hakushtuka hata kidogo, yeye alianza na miaka sita. Mimi nikatabasamu, nikaendelea kula. Mnasemaje?

Godi: Elia huyu huyu wetu?? 😂😂😂

Shangazi Nakijwa: Marahaba mwanangu. Godi tulia kidogo, dada yako ana mawazo.

Godi: *Imesambazwa mara nyingi:* ‼️JE WAJUA? MAREKANI NI LAZIMA KISHERIA KILA NYUMBA IWE NA BUNDUKI. USIPOKUWA NAYO UNAFUNGWA‼️ Tuma kwa watu 10

Daudi: Godi, hayo unayaokota wapi? Ni miji midogo michache tu, kama Kennesaw, jimbo la Georgia, walipitisha hilo mwaka 1982, na anayesema dhamiri yake inakataa anaachwa. Nchi nzima haina sheria hiyo. Futa.

Godi: *Ujumbe huu umefutwa*

Daudi: Dada Anneth, mimi nasema aende. Mtoto anaishi huko, wenzake wote wanajua, yeye atabaki wa kusimuliwa. Wahenga wamesema mtoto akililia wembe mpe.

Neema: Kaka Daudi, wembe unamkata yeye. Risasi inamkata aliyesimama pembeni. Halafu Elia hajalilia kitu, anayelilia ni babu yake.

Shangazi Nakijwa: 👏👏 Neema umeniwahi.

Anneth: Hapo ndipo nilipo. Elia mwenyewe ukimuuliza anasema ndiyo kwa sababu babu kasema. Angeambiwa ni kuvua samaki angesema ndiyo ile ile.

Baba Mkubwa: Marahaba Anneth. Nimesoma. Natoka shamba nitaandika.

Neema: Akiwa bado, mimi niseme la wodini. Mnajua Marekani tangu 2020 silaha za moto ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana, zimepita ajali za magari. Na wengi wao hawakuwa wanafundishwa shabaha. Kuna waliouawa, kuna waliojiua, na hao wadogo wadogo ni ile bunduki iliyoachwa mahali. Kentucky mwaka 2013 mtoto wa miaka 5 alimpiga mdogo wake wa miaka 2, msichana. Kibunduki chake mwenyewe, alipewa zawadi, kimetengenezwa kwa saizi ya watoto. Kilikuwa kimeegemezwa kwenye kona, watu wazima hawakujua kuna risasi imebaki ndani.

Shangazi Nakijwa: Yesu wangu.

Neema: Kwa hiyo swali langu la kwanza kwako dada si umri. Huyo mzee anaziweka wapi?

Anneth: Sijui. Nimelala nyumba ile mara nyingi na sijui. 😔 Nimeona moja juu ya mlango wa stoo, mume wangu anasema ile ni ya marehemu babu yao, haipigi.

Neema: Nani alihakikisha haipigi?

Anneth: …

Daudi: Sasa hapo hata mimi nimerudi nyuma.

*Saa moja baadaye.*

Baba Mkubwa: Nimefika. Sikilizeni. Mimi nimebeba silaha miaka mingi, nimeingia Uganda nayo 1979 na nimerudi nayo. Siogopi bunduki. Naogopa mtu asiyesikia. Kuruta akija kambini hapewi risasi siku ya kwanza. Anapewa kazi ya kuibeba, kuifungua, kuisafisha, kuifunga, akiwa amefumba macho ikibidi. Mtutu ukimwelekea mwenzako hata kama ni tupu, unajua kitakachokupata. Afande haulizi kama ina kitu. Kwake ina kitu siku zote.

Baba Mkubwa: Sasa Elia. Ukimwambia simama, anasimama? Mara ya kwanza?

Anneth: Mara ya tatu, Baba Mkubwa 😅

Baba Mkubwa: Basi bado. Si miaka. Wapo wa sita wanaosimama na wapo wa kumi na tano hawasimami. Mtoto anayesimama kwa neno moja unaweza kuanza naye. Asiyesimama mwache avue samaki.

Godi: Baba Mkubwa nami sijasimama hadi leo 😂

Baba Mkubwa: Ndiyo maana JKT walikurudisha.

Daudi: 🤣🤣🤣🤣 Ameuawa mtu

Shangazi Nakijwa: Mimi nina la mkwe. Anneth, wewe hutamwambia baba mkwe wako usoni "nionyeshe kabati". Kwetu haifanyiki, na hata huko nadhani atachukia, ataona unamwita mzembe kwake mwenyewe. Mumeo ndiye aseme. Na aseme kwa heshima: baba, kabla mtoto hajaja tunataka tujue zinafungiwa wapi na ufunguo unakaa na nani. Akikasirika kwa swali hilo, jibu umeshalipata.

Anneth: Shangazi, huku madaktari wa watoto wenyewe wanatushauri tuulize hivyo hivyo hata kabla mtoto hajaenda kucheza kwa rafiki yake. Bunduki ifungiwe bila risasi, na risasi zifungiwe kando. Nimewahi kuuliza mama mmoja wa shule, hakukasirika kabisa. Kwa mkwe ndiyo ulimi unakuwa mzito.

Shangazi Nakijwa: Ndiyo nikasema mumeo.

Neema: Niko kwa Bibi, ameomba nimrekodi. 🎤 *0:48*

Daudi: Niko kwenye daladala, andika Neema.

Neema: Bibi anasema: enzi zake kulikuwa na jirani mwenye gobole la kufukuza nguruwe kwenye mahindi. Watoto wake hakuwakataza kulitazama, aliwapeleka mchana akamwomba jirani awaonyeshe, wakaliona, wakasikia lilivyolia, wakaogopa, wakaacha kulinyemelea. Aliyekatazwa kabisa alikuwa mtoto wa nyumba ya juu, na huyo ndiye alikutwa nalo. Anauliza pia kama Elia anakula.

Anneth: Mwambie Bibi anakula, hasa makande niliyomfundisha mwenyewe 🥰 Na hilo la kutazama ni kweli. Hapa shuleni wanawafundisha wadogo: ukiona bunduki simama, usiguse, ondoka, mwambie mtu mzima. Elia anaimba maneno hayo vizuri sana. Lakini kuimba na kuiona mezani ni vitu viwili.

Baba Mkubwa: Mama amesema kweli. Siri ndiyo inayomvuta mtoto.

Daudi: Tuseme basi amekuwa anasimama. Anaanza na nini? Nasikia huko wanaanza na bunduki ya upepo.

Anneth: Ndiyo, zile za kurusha vigololi vya chuma, au bunduki ndogo za .22 za risasi moja moja. Babu anataka .22 moja kwa moja, anasema haina teke.

Baba Mkubwa: Ya risasi moja ni sawa. Apige, ifunguliwe, watu waone ndani iko tupu, ndipo awekewe nyingine na mkubwa. Isiwe ya magazini. Isiwe bastola, mkono wa mtoto unageuka nayo. Na zile za kumimina risasi hata kwa mzaha asiguse. Arizona mwaka 2014 binti wa miaka 9 alipewa bunduki ya kumimina, inaitwa Uzi, kwenye uwanja wa shabaha wa watalii. Ilipomimina ikampanda mkononi, ikamuua mwalimu aliyesimama kando yake. Mwalimu. Mtu wa kazi hiyo.

Neema: Na ya upepo nayo msiidharau. Jicho halina spea. Zile kali zinazozidi futi 350 kwa sekunde, shirika lao la usalama wa bidhaa linasema mtu wa chini ya miaka 16 asitumie. Kigololi kikigonga jiwe au chuma kinarudi kilikotoka. Miwani kwa kila aliyepo, hata anayetazama. Masikio pia, .22 tunayoiita ndogo inafika karibu desibeli 140. Halafu risasi zile ni za madini yenye sumu ya lead, vumbi lake linabaki mikononi. Anawe kwa sabuni kabla hajagusa hata biskuti.

Anneth: Hilo la lead nilikuwa silijui. Nimeliandika.

Baba Mkubwa: Anneth, mwanao analenga kwa jicho gani?

Anneth: Anaandika kwa kulia.

Baba Mkubwa: Sijauliza mkono.

Baba Mkubwa: Mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele, aunganishe viganja abakize kidirisha kidogo katikati. Aitazame saa ya ukutani kupitia hapo, macho yote wazi. Halafu avute mikono taratibu mpaka usoni bila kuipoteza saa. Kidirisha kitaishia kwenye jicho moja. Hilo ndilo.

*Dakika kumi.*

Anneth: Baba Mkubwa!! La kushoto. Nimerudia, kushoto tena. Nimemziba la kushoto anasema saa "imeruka".

Baba Mkubwa: Basi akiwekewa bunduki bega la kulia atakuwa anapinda shingo kutafuta, na atakosa, na ataambiwa hajui. Aanze bega la kushoto. Mdogo anazoea haraka. Mwambie na baba mkwe, kama ni mwindaji ataelewa. Na kitako kikatwe kifupi. Kikiwa kirefu mtoto anaegemea nyuma kama anapakua gunia.

Daudi: Baba Mkubwa miaka yote hii tunakaa na mwalimu ndani ya kikundi tunamtumia picha za maua za asubuhi njema 😂

Shangazi Nakijwa: Anneth, na wewe? Umewahi kuishika?

Anneth: Mimi? Hapana Shangazi.

Shangazi Nakijwa: Sasa utasimama pale unalinda kitu gani? Utajuaje kama mzee amekosea?

Neema: 👀

Anneth: Shangazi umenibana.

Shangazi Nakijwa: Kajifunze kwanza wewe. Si lazima uipende.

Daudi: Shangazi leo ametoka wa kwanza darasani.

*Jumapili usiku.*

Anneth: Nawapa majibu. Mume wangu amempigia baba yake. Hakukasirika. Amesema zote ziko kwenye kabati la chuma, ufunguo anao yeye na bibi. Ile ya juu ya mlango alinyamaza kidogo, akasema ataishusha aipeleke kwa fundi aitazame. Kwa hiyo kumbe hakuna aliyekuwa na uhakika.

Neema: Afadhali swali liliulizwa.

Anneth: Tumekubaliana hivi. Mwezi wa saba Elia hapigi. Ataiona ikifunguliwa, atashika kitambaa ikisafishwa, ataweka karatasi za shabaha na kutazama babu akipiga akiwa nyuma yake. Mimi na mume wangu tutapiga. Mwakani tutamwangalia tena, akiwa anasimama kwa neno moja ataanza na ya upepo isiyo kali, robo saa kwa siku, sisi wawili tukiwepo. Kuwinda ni mbali bado. Kozi ya usalama wa bunduki jimbo letu linapokea watoto kuanzia miaka 11, na cheti kinaanza kazi akifika 12. Babu alinung'unika kidogo, kwamba tunamchelewesha mjukuu wake.

Daudi: Anung'unike. Kila babu hunung'unika.

Baba Mkubwa: Sawa kabisa. Akianza, karatasi ziwe kubwa na karibu, mita kumi zinatosha. Mtoto akikosa mara tano mfululizo anaanza kuchezacheza, na hapo ndipo hatari. Akichoka bunduki inafungwa, hata kama babu ndiyo kwanza amenoga.

Anneth: Nimekuelewa Baba Mkubwa. Asante sana. Jumamosi ijayo mimi naenda darasa la kina mama, kuna uwanja karibu na kazini.

Shangazi Nakijwa: Vaa blauzi ya kufunga shingoni. Mwanangu wa pili aliniambia maganda ya risasi yanaruka ya moto.

Anneth: 😳 Hilo nalo hawakuniambia.

Baba Mkubwa: Na miwani ya Elia nunua mapema, ya saizi yake. Ya wakubwa itamwangukia puani, atainua mkono kuirekebisha wakati usiotakiwa.