Kinywaji safi, jiko bovu: tupeane uzoefu wa Dodoma na kanda ya kati

Zabibu Tamu

Mbukwenyi wadau. Nafungua uzi huu nikiwa na uchungu, maana naipenda Dodoma na nikipata mgeni nataka aondoke akiisifia.

Nilipokea wifi yangu na mume wake kutoka Dar. Tangu SGR ianze kufika huku mwaka 2024, watu wanapanda treni Ijumaa jioni na kurudi Jumapili, na wengi wakishuka tu swali la kwanza ni mvinyo. Nikawapeleka kwenye bustani moja nje kidogo ya mji. Wana shamba lao la zabibu na mvinyo wanatengeneza wenyewe.

Kwenye mvinyo sina neno. Kijana aliyetuzungusha anaijua kazi yake. Alitupitisha kwenye mizabibu, akatueleza kwamba Dodoma zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, akatuonyesha matangi, akatumiminia mweupe uliopoa vizuri. Wifi akanunua chupa za kuondoka nazo kabla hata hatujakaa.

Tukakaa. Tukaagiza mbuzi choma kilo mbili, ndizi za kuchoma na kachumbari. Tukaambiwa dakika arobaini na tano. Jua likazama, taa zikawashwa, watoto wa meza ya jirani wakalala kwenye viti. Sinia lilipofika, nyama nje ilikuwa nyeusi, na ukikata karibu na mfupa unakuta wekundu na ubaridi, ubaridi wa friji kabisa. Mafuta yalishaganda meupe pembeni. Kachumbari inaelea kwenye maji yake, vitunguu vimelegea na vinanuka kama vimekatwa asubuhi. Ndimu moja kavu kwa watu watatu.

Nikamwita mhudumu kwa upole. Akaniambia, "Mama, hiyo ni ya jikoni, mimi niko upande wa vinywaji." Nikaomba nimuone mhusika wa jikoni, nikaambiwa ametoka. Shemeji alitafuna kimya kwa heshima yangu, na hicho ndicho kilichoniuma kuliko hela.

Sielewi. Mtu anaihangaikia chupa miezi na miezi, halafu sahani inayowekwa pembeni ya hiyo chupa haina mwenyewe. Waliokutana na haya Dodoma, Singida, Kondoa, Manyoni, popote, leteni. Majina ya sehemu tuyaache, tuseme kilichotokea.

Mchoma Mkaa

Pole sana dada. Mimi kazi yangu ni kuchoma nyama, na kwa maelezo yako naweza kukwambia nyama yako ilipita wapi.

Hiyo ilichomwa nusu mchana au hata jana yake, ikawekwa kwenye friji, wewe ulipoagiza ikarudishwa motoni. Anayefanya hivyo akiwa na haraka haiachi itoe ubaridi kwanza. Anaitupa kwenye mkaa mkali, mafuta yanadondoka, moto unaruka, nje inaungua na ndani joto halijafika. Mguu wa mbuzi wenye mfupa unatakiwa mkaa ulioshika majivu, usio na mwali, na ugeuzwe taratibu. Kilo mbili mbichi hazitoki vizuri kwa dakika arobaini na tano. Ukiahidiwa muda mfupi hivyo kwa nyama nyingi, uliza kama ilishachomwa.

Kuna tatizo lingine, nyama ya kuchinjwa muda huohuo. Watu wanaisifia kuwa ni freshi, lakini nyama ikishachinjwa baada ya saa chache inakakamaa, na inahitaji kutundikwa ipumzike ndipo ilegee. Ukiiwahisha motoni katikati ya kukakamaa huko, hata mbuzi mdogo anakuwa mgumu.

Binti wa Kondoa

Yangu ni ya nyumbani kabisa. Nilikuwa na wenzangu wa kazini, tumetoka Kolo kuangalia michoro ya miambani. Ile ambayo UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Kwa wasiofika: unapanda kilima kwa miguu na mwongozaji, jasho linakutoka, halafu unasimama mbele ya mwamba unaona watu warefu wembamba na wanyama waliochorwa kwa rangi nyekundu. Unashuka umejaa furaha na njaa inauma.

Tukaingia hoteli moja njiani. Menyu kurasa kwa kurasa: pilau, samaki wa nazi, kuku wa kupaka, piza. Tukaagiza hiki, hakuna. Kile, kimeisha. Kingine, mpishi wake yuko likizo. Dada anasimama anasikiliza kila mmoja mpaka mwisho, anaandika, anakwenda jikoni, anarudi na "samahani". Si afadhali angesema tangu mwanzo kwamba kuna chipsi mayai tu? Na hizo chipsi zikaja zinanuka mafuta ya kukaangia samaki, wakati samaki wenyewe hawapo.

Inaniuma kwa sababu barabara ya lami kutoka Dodoma hadi Babati imeleta wageni ambao zamani tungewaona kwa nadra. Na Kondoa tuna chakula. Mama yeyote pale sokoni angetupikia ugali na mlenda tukashiba na kufurahi. Mgeni aliyetoka kuangalia michoro ya kale, kwa nini umpe piza ambayo huna?

Mnyaturu

Singida. Nimeagiza kuku wa kienyeji, sifa yetu inayofika mpaka Dar. Kaletwa kuku wa kisasa kapakwa manjano. Mfupa wa paja unavunjika kwa vidole viwili! Bei ya kienyeji. Nimelipa nikaondoka.

Dereva wa Kati

Naishi Chang'ombe hapa Dodoma lakini napeleka watalii mpaka kaskazini. Kwenye mji mmoja wa kitalii huko kuna baa inayopika bia yake yenyewe. Wageni wangu walikuwa wameisoma wakaomba tupite.

Bia ni kazi ya kupendeza pale. Matangi ya chuma yanang'aa nyuma ya kioo, na mpishi wa bia akatoka mwenyewe kutueleza: shayiri iliyooteshwa ikawa kimea, inachemshwa, inatiwa hopsi, yale maua yanayoipa uchungu, ikipoa inawekwa hamira, halafu inaachwa ichachuke kwa utulivu. Nilimsikiliza kwa makini maana bibi yangu kule Mvumi alikuwa akiotesha uwele, anauanika, anausaga, anapika pombe yake kwa njia inayofanana. Wageni wakaletewa glasi ndogondogo za kuonja, kila moja na rangi yake, wakawa wanaandika kwenye daftari.

Chakula kikachukua zaidi ya saa nzima. Mmoja aliagiza samaki, baada ya muda wote huo ndipo akaambiwa wameisha. Baga ya mwenzake mkate baridi, nyama kavu, chipsi zimelowa mafuta mpaka kupitia karatasi iliyowekwa chini yake unaiona meza. Mimi niliagiza wali kuku, wali ulikuwa wa kupashwa, juu moto na katikati mabonge baridi. Meneja akaja kuomba radhi, akatuwekea bia za bure mezani, na moja mbele yangu. Mimi ndiye mwenye usukani, na safari ilikuwa bado ndefu. Nilitamani angerudi jikoni na zile sahani.

Mama wa Jikoni

Nimesoma yote. Naomba niseme la upande wetu maana naona mnamtafuta mchawi kaunta wakati hayuko huko.

Baa nyingi mnazokaa, jiko si la mwenye baa. Amelikodisha. Mimi nina jiko kwenye baa moja hapa mjini, nalipa kodi, nalipa vijana wangu, nanunua mkaa, nyama, mafuta na ndizi. Faida ya bia na mvinyo haipiti kwangu hata senti. Mhudumu anayekuletea kinywaji ni wa mwenye baa, na fedha zikipungua anakatwa yeye, kwa hiyo roho yake yote iko kwenye chupa zake. Ndiyo maana dada Zabibu uliambiwa "ni ya jikoni". Binti hakukujibu vibaya, ndivyo alivyoelekezwa.

Sasa angalieni linavyokuja. Ijumaa na Jumamosi pamejaa, Jumanne unakaa na wateja wawili, na kodi ni ileile. Nyama iliyobaki hutupi, mtaji wako wote umo mle. Hapo ndipo friji inapoingia, na umeme ukikatika ndio balaa. Sisemi ni sawa. Nyama ya baridi kumpa mgeni ni kosa na mimi vijana wangu nawafukuza jikoni kwa hilo. Lakini mwenye bustani aliyepanda zabibu na kununua matangi ya mamilioni, halafu jiko akampa mtu yeyote mwenye kodi ya mwezi mmoja mkononi, huyo ndiye wa kuulizwa. Tena wengi wao hawali chakula kinachouzwa kwao wenyewe!

Ushauri wangu: ukifika, kabla hujakaa, nenda jikoni kwa miguu yako. Salimia, uliza nyama iko wapi, uione ikiwa mbichi, ipimwe mbele yako, uliza imeingia lini. Jiko lenye nyama nzuri halikufichi. Na ukilalamika, mlalamikie mwenye jiko, asipokuwepo mpigie mwenye baa. Mhudumu mwacheni.

Zabibu Tamu

Ahsante sana mama. Hili la jiko kukodishwa nilikuwa silijui kabisa, na limenifungua. Kwa hiyo risiti mbili nilizopewa, ya vinywaji na ya chakula, ndiyo maana yake hiyo?

Mama wa Jikoni

Ndiyo mwanangu. Ukiona bili mbili, ujue wenyewe ni wawili. Hata ukitumiwa lipa namba mbili tofauti.

Mzee wa Makole

Poleni wote. Mimi tangu Dodoma itangazwe jiji mwaka 2018 naona bustani mpya kila kona, taa za rangi, viti vizuri, na wapishi wale wazuri ni walewale wachache wanagombaniwa. Wageni wangu siku hizi nawapeleka mnadani Msalato Jumamosi. Hakuna viti vya maana na vumbi lipo. Lakini unamuona mbuzi ananing'inia, unaonyesha mbavu unazotaka, zinapimwa, unasimama na mchomaji mpaka mwisho.

Mchoma Mkaa

Mzee umesema. Anayekwenda Msalato awahi, mchana vipande vizuri vimeshaondoka. Aombe mbavu au kidari kama ana haraka, mguu kama ana muda wa kusubiri. Chumvi iwekwe nyama ikikaribia kuiva. Na abebe ndimu zake.

Binti wa Kondoa

Jumamosi hii kuna anayekwenda? Nina wageni wawili na gari lina nafasi.