Mimi ajenti wa nyumba nimegeuzwa mpangaji kwa websaiti yangu mwenyewe

Wadau, huu uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, kwa hivyo asiyetaka gazeti apite tu. Fundi aliyenitengenezea hiyo websaiti simtaji. Anajijua, na sitaki kumpa umaarufu wa bure.

Miaka sita nimezungusha wateja kwa niaba ya ofisi ya watu kule Ngong Road. Kupanda hadi ghorofa ya sita bila lifti na mtu ambaye kabla hajavuka mlango ashaamua jiko ni dogo, hiyo kazi naijua. Mwaka jana nikasajiliwa na bodi ya maajenti wa nyumba na ardhi, maana Sura ya 533 ya sheria za Kenya haina mchezo, kufanya kazi hii bila usajili ni kosa la jinai. Mwezi wa kwanza nikafungua ofisi yangu Kahawa West, kachumba juu ya duka la dawa.

Kila niliyemwambia alinijibu kitu kimoja: tafuta websaiti. Na walikuwa sawa. Hapa Nairobi matapeli wamejaa, wale wa kukutoza ada ya kuonyeshwa nyumba halafu mkifika keateka, mwangalizi wa jengo, anawaambia ilichukuliwa juzi. Mteja akiona jina lako, nambari yako ya usajili na ofisi anayoweza kuja kupigia kelele, angalau anapumua.

Jamaa wa kunitengenezea nilipewa na binamu yangu. Bei 45,000, nitume 30,000 kwanza, kazi iishe kwa wiki mbili. Mkataba wetu ulikuwa WhatsApp, na sehemu kubwa ya mkataba huo ni vidole gumba. Ndiyo, mimi. Mimi ambaye simkabidhi mtu funguo za bedsita bila kurasa nne zenye sahihi na nakala ya kitambulisho. Nichekeni sasa hivi tumalize hiyo sehemu.

Wiki mbili zikawa kumi. Mnaojua mafundi wa nguo za harusi mnaijua hii hadithi: "imebaki kitu kidogo tu", "niko kwa matanga ushago", "stima imepotea huku kwetu". Siku ya kutumiwa linki nilikuwa kwa matatu pale Roysambu, nikafungua kwa simu. Ukurasa ulichukua muda mpaka tukafika Githurai. Baadaye nikaambiwa na kijana mwingine wa websaiti kwamba picha moja ya juu ilikuwa na uzito wa MB 9, vile ilivyotoka kwa kamera, haikupunguzwa hata kidogo. Mteja wangu anatafuta nyumba ya elfu kumi na mbili kwa bando la shilingi ishirini. Unadhani atangoja?

Lakini hiyo ya uzito naweza kusamehe. Sasa ngojeni mwone kilichokuwa ndani.

Nyumba ya kwanza ukifungua ilikuwa jumba jeupe lenye bwawa la kuogelea, minazi, na bahari kwa nyuma. Bei: dola 1,250,000. Kichwa: "Villa ya ufuoni, Kasarani." Maelezo: dakika tatu kwa miguu kutoka baharini. KASARANI. Mwanaume alinunua templeti, websaiti iliyotengenezwa tayari, ya maajenti wa Marekani, akakuta imejaa nyumba za mfano za Miami, akaamuru kompyuta ifute Miami kila mahali na kuweka Kasarani. Basi. Kazi ya wiki kumi. Bahari iliyo karibu na Kasarani iko Mombasa, karibu kilomita 500, na mkizipiga hizo kwa dakika tatu mniambie mlipanda matatu ya sacco gani.

Nilijuaje? Sikujua mimi kwanza. Mama mmoja aliye Doha, anayetafuta ploti ya futi hamsini kwa mia upande wa Kamulu, alinipigia akaniuliza kwa adabu kabisa, "Dada, hiyo ya ufuoni ni ya kweli ama ni makosa?" Nikasema ni makosa ya fundi. Akasema atanipigia. Hajanipigia, na namwelewa. Mtu anayetumwa na kila tapeli picha za ploti zisizokuwepo, ukimwonyesha bahari ya Kasarani umekwisha.

Halafu kuna pale pa kuchujia nyumba. Jamani. Mteja alikuwa anaulizwa anataka sehemu ngapi za kuotea moto. Anataka chumba cha chini ya ardhi? Anataka mfumo gani wa kupasha nyumba joto? Aandike msimbo wa posta wa mtaa, kana kwamba kuna mtu Zimmerman anayejua msimbo wa posta wa Zimmerman. Na kisanduku cha "nambari ya MLS". Nikamuuliza MLS ni nini. Akajibu, "Ni sistimu, iache, inapendeza." Nikatafuta mwenyewe. Ni orodha ya pamoja ambayo maajenti wa Marekani huweka nyumba zao, mmoja ana muuzaji, mwingine analeta mnunuzi, wanagawana kamisheni. Hapa kwetu mimi sijakutana na kitu kama hicho. Hapa nyumba moja ina maajenti watano wasiojuana, keateka anayewazunguka wote watano, na kibao kwa geti kilichoandikwa kwa chaki.

Mpangaji wa Nairobi haulizi mahali pa kuotea moto. Anauliza maji yanakuja siku gani, kwa sababu tunaishi kwa ratiba ya mgao. Anauliza kama kuna kisima au mnangoja lori. Mita ya tokeni ni yake peke yake ama mmefungiwa ghorofa nzima? Dipositi ni mwezi mmoja ama miwili, na takataka inalipiwa kando? Steji iko mbali kiasi gani usiku? Intaneti ya waya imefika kwa jengo, na ni ya kampuni moja tu mwenye nyumba aliyokubaliana nayo? Haya yote nilimwandikia kwa fulskepu mwezi wa pili, nikapiga picha, nikamtumia. Akajibu kwa kidole gumba.

Kwa upande wa ploti nilitaka kitu kimoja tu: mstari unaomwambia mnunuzi afanye utafutaji wa hati kwa Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni, kabla hajatoa hata shilingi, na kama ni shamba la nje ya mfumo huo aende mwenyewe kwa ofisi ya ardhi. Ajenti mwenye nia mbaya hawezi kuandika hivyo, ndiyo maana niliutaka. Akautoa, eti unajaza nafasi. Mahali pake akaniandika mimi ni "Realtor", neno ambalo Marekani ni alama ya biashara ya chama chao cha maajenti. Nambari yangu ya usajili, kitu ambacho ndicho kilinifanya nitafute websaiti, hakuiweka popote.

Sasa tuje kwa ile iliyonitoa machozi.

Fomu ya "wasiliana nasi" nilidhani haina watu. Miezi miwili, kimya. Nikajiambia biashara ni mpya, vumilia. Juzi mteja mmoja akanipata kwa njia ya rafiki, akasema, "Lakini mimi nilijaza fomu yako mwezi uliopita, na nikapigiwa na ajenti mwingine." Nikamwambia huyo kijana wa pili aangalie. Kumbe kila fomu ilikuwa inaenda kwa imeili ya fundi. Jina, simu, bajeti, mtaa mtu anaotaka kuhamia. Watu 23.

Huyo ajenti aliwapataje? Siwezi kuapa kwamba waliuzwa, sikuwepo. Ila wale watu walinipa mimi habari zao, si yeye, na kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 mimi ndiye nitakayeulizwa zilifikaje kwingine. Nimewapigia wote 23 mmoja mmoja kuomba msamaha. Wawili walinikatia. Mmoja alinicheka kisha akanipa kazi ya kumpangishia nyumba yake ya Thome, Mungu ni nani.

Nilipomkabili ndipo nikajua sina hata mlango. Domeini, yaani jina la websaiti linaloishia .co.ke, ameiandikisha kwa akaunti yake na imeili yake. Nikapigia kampuni iliyoiuza, dada wa pale akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia anayetambulika ni mwenye akaunti. Risiti zangu za M-Pesa zinaonyesha nimemlipa mtu, hazionyeshi nimenunua jina. Nywila ya admini sina. Na bwana amenitumia bili: 18,000 kwa mwaka, "hosting na usalama", la sivyo anazima. Usalama gani? Ile kufuli ya kwenye anwani anayonitajia hutolewa bure na Let's Encrypt. WordPress, programu aliyojengea websaiti, yenyewe ni bure. Jina la .co.ke halifiki elfu mbili kwa mwaka. Seva ndogo inayotosha ofisi kama yangu nimeulizia sehemu tatu, hakuna iliyokaribia hata nusu ya hiyo pesa.

Nishawahi kuona mwenye nyumba akitia kufuli kwa mlango wa mpangaji mwenye risiti mkononi. Nilikuwa nasema huyo mpangaji aliingiaje bila kusoma mkataba.

Nilichofanya hadi sasa: jina la pili nimenunua jana, kwa akaunti yangu, imeili yangu, kadi yangu. Ukurasa mmoja tu. Nambari ya usajili juu kabisa, picha sita za nyumba nilizopiga mwenyewe kwa simu, kitufe cha WhatsApp kinachokuja kwangu. Umefunguka kabla matatu haijaondoka steji. Lakini jina la kwanza ndilo liko kwa kadi 500 nilizochapisha na kwa bango la ofisi, na silitaki libaki kwake.

Kwa hivyo naomba wenye ujuzi. Kuna aliyewahi kupeleka mzozo wa jina KeNIC, wasimamizi wa majina ya .ke, akiwa na WhatsApp na risiti za M-Pesa peke yake? Walikubali? Na ile ya fomu, nianze kwa Kamishna wa Data ama nianze kwa wakili? Msiniambie "uliona wapi mtu hana mkataba", hiyo nishajiambia kwa lugha zote ninazozijua.

Nyongeza, saa tatu usiku: amejibu. Wiki mbili za tiki za buluu, leo amejibu. Hakuna salamu, hakuna pole. Ametuma nambari ya Till ya M-Pesa.