Sanduku la nguo za bweni limezuiwa, binti anaanza Kidato cha Tano

Mama T., Reading

Ndugu zangu, habari za kwenu. Naomba mwenye uzoefu anisaidie haraka.

Binti yangu amemaliza GCSE, mtihani wa sekondari wa hapa Uingereza. Mimi na baba yake tumekubaliana aende Kidato cha Tano nyumbani Tanzania, shule binafsi ya bweni mkoani Njombe, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia). Fomu ya kujiunga imejaa nguo na vifaa ukurasa mzima. Nikaona nitangulize sanduku kwa mzigo wa ndege: sweta za bluu iliyokolea, mashati, viatu, soksi, traksuti, taulo, pamoja na nguo zake za ndani, zingine mpya na zingine anazovaa siku zote. Wifi yangu aliyeko Dar akaenda kulichukua.

Ofisini kwa watu wa forodha wakamwambia alete TIN, namba ya mlipakodi, ya mwenye mzigo. Wakafungua, wakaona fulana za ndani zimeshavaliwa, wakasema huo ni mtumba wa marufuku na sanduku zima lisubiri. Alipouliza afanyeje akajibiwa, "Mwenye mzigo alete barua." Barua ya nani? Ya shule, ya ubalozi, au yangu mimi? Hawakumwandikia chochote. Gharama ya kuhifadhi inapanda kila kukicha, na shule inafunguliwa Julai.

Swali langu ni hilo tu: wanataka barua gani, na je, wifi anaweza kulitoa yeye mwenyewe?

Baba Wawili, Leicester

Pole sana dada. Mimi yalinikuta kwa kijana wangu, ila kwangu ilikuwa viatu. Fomu ilisema viatu vyeusi vya ngozi vya kufunga kwa kamba, nikanunua hapa vyeusi vya ngozi vyenye utepe wa kubandika, maana ndivyo watoto wa huku wanavyovaa. Getini walikataa. Kijana alisimama pembeni na tranka lake huku wenzake wanaingia, mama mdogo wake akarudi mjini kutafuta vingine. Someni fomu neno kwa neno. Ikisema kamba ni kamba, ikisema kisigino kifupi ni kifupi.

Na suruali pia. "Zisiwe modo," yaani za kubana. Suruali za shule za huku karibu zote ni modo.

Mzee wa Slough

Mama T., kwanza tuambie: binti ameshatua nchini au bado yuko Reading? Nauliza kwa sababu hapo ndipo penye ufunguo.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, Jedwali la Tano, inasamehe ushuru mzigo wa abiria, yaani nguo na vitu vyake binafsi, hata kama haukupanda naye ndege moja. Lakini inataka mzigo huo uingie ndani ya siku 90 tangu abiria afike. Sasa abiria ambaye hajafika hana mzigo wa abiria. Na wifi si abiria. Kwao hiyo ni shehena kama ya mfanyabiashara yeyote, ndiyo maana wanaulizia TIN.

Binti akifika na pasipoti yake yenye muhuri wa kuingia, aende mwenyewe na mtu mzima, na fomu ya kujiunga mkononi.

Dada wa Leeds

Shikamoo Mzee. Kwa heshima zote, umejibu habari ya ushuru, na dada hakuuliza ushuru. Kilichozuia sanduku ni marufuku. Ushuru na marufuku havitolewi kwa dawa moja. Mtumba wa kawaida unaingia nchini, unalipiwa asilimia 35 au dola 0.40 kwa kilo, kile kinachozidi, halafu VAT asilimia 18. Nguo za ndani za mtumba ni jambo jingine: TBS, Shirika la Viwango, wamezipiga marufuku miaka mingi, chupi, sidiria na fulana za ndani, kwa sababu za afya. Hata ulipe, hazipiti kama bidhaa.

Hoja ya kupeleka pale ni kwamba hizi si bidhaa, ni mavazi ya mtoto mmoja, saizi moja. Na mkishindwa, ombeni zitolewe hizo fulana tu, zibaki huko, sanduku litoke. Fulana hazina thamani ya kukosesha mtoto sweta.

Kwa wengine mnaosoma: nguo za ndani nunueni mpya, ziacheni kwenye pakiti zake na lebo zake, na azibebe mtoto mwenyewe kwenye begi lake.

Mzee wa Slough

Marahaba. Sijasema ushuru ndio uliozuia. Nimesema mzigo ukitambuliwa kuwa wa abiria, hata hilo la mtumba linapoteza nguvu, maana hakuna mtumba kwenye begi la mtu. Soma tena.

Fundi Dada, Milton Keynes

Ninashona, kwa hiyo niruhusuni niseme kuhusu nguo zenyewe, kwa kuwa naona wengi tunatumia pesa pasipo na maana.

Sare ya darasani usinunue huku. Kabisa. Fomu nyingi zinataka sketi ya rinda boksi, kitambaa cha tetroni, urefu upite goti kwa inchi kadhaa. Sketi za maduka ya huku zinaishia juu ya goti, marinda yake ni membamba, na rangi ya "bluu" ya huku haifanani na bluu ya shule yako. Mtoto akisimama mstarini na bluu tofauti anaonekana kutoka mbali, na kwa mtoto anayetoka Ulaya hilo ndilo la mwisho analolihitaji wiki ya kwanza. Mashati hivyo hivyo: wasichana wengi wanatakiwa shati la tomato, linalovaliwa nje ya sketi na kukatwa usawa chini. Shati refu la huku la kuchomekea litamfika mapajani.

Fundi wa karibu na shule anajua kila kitu, kitambaa, nembo, hata upana wa rinda. Mpelekee vipimo na pesa.

Cha kununua huku ni hiki: viatu imara vya ngozi vya kamba, raba za michezo, soksi nzuri, nguo za ndani, na nguo za joto za kuvaa ndani ya sare. Basi. Ndoo, jembe, fagio, kufuli, tranka, godoro la futi mbili na nusu, chandarua, vyote viko huko.

Kaka wa Aberdeen

Kuhusu joto, msikilizeni mtu aliyesoma Makete. Njombe Julai si Dar. Usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10, asubuhi nyasi zimejaa umande, na kengele ya kuamka inagongwa gizani. Maji ya kuoga ni ya baridi. Watu wanadhani mtoto aliyezoea baridi ya Uingereza hatasikia, lakini huku nyumba ina hita. Bwenini hakuna hita.

Sweta moja haitoshi kwa sababu ikifuliwa Jumamosi na ukungu ukashuka, hadi Jumatatu haijakauka. Awe na sweta mbili za rangi iliyoandikwa, na fulana za mikono mirefu za kuvaa ndani ya shati, nyeupe, zisionekane kolani. Soksi nzito za kulalia. Blanketi zito linunuliwe huko huko, Njombe wanajua mablanketi.

Mama wa Cardiff

Asalaam aleikum. Mimi wa Unguja, mwanangu alikaa dakhalia, yaani bweni, huko bara, na yeye alitatizwa na majina kwenye nguo. Nilibandika zile lebo za kupiga pasi zinazouzwa hapa kila skuli inapofunguliwa. Zilipokutana na sabuni ya kipande, kufikichwa kwa mkono na pasi ya mkaa, zilibanduka zote. Nguo zikaanikwa kamba moja na za wenziwe mia, na kila mmoja ana shati jeupe.

Tieni jina kwa uzi. Sketi, ndani ya mkanda, nyuma. Shati, kwenye kola upande wa ndani, na tena chini kwenye upindo, kwa sababu anayeichukua shati ya mwenziwe hufumua la kolani akasahau la chini. Sweta, ndani ya mshono wa ubavuni. Uzi uwe rangi moja inayojulikana ni yake. Wangu alitumia wa kijani.

Na sketi ya marinda, binti afundishwe mapema. Mama yangu alikuwa akiyashikiza marinda kwa uzi mrefu, moja moja, kisha huilaza sketi chini ya godoro usiku ikiwa na unyevu kidogo. Asubuhi anafumua uzi, marinda yamesimama kama yametoka kwa dobi. Mpaka leo nikisikia harufu ya tetroni mpya nalikumbuka lile godoro, na mama akiwa amepiga magoti kando yake na uzi mdomoni. Kitu cha namna hiyo huwezi kumtumia mtoto kwa ndege.

Mwana Mbeya, Northampton

Mnazungumza sketi na soksi, mimi nauliza: binti anasafiri kwa pasipoti ipi? Kama ni ya Uingereza pekee, viza ya utalii haimruhusu kusoma. Anahitaji kibali cha ukaazi Daraja C, na shule ndiyo iombe Uhamiaji. Halafu NECTA, Baraza la Mitihani: vyeti vya nje lazima vilinganishwe, na matokeo ya GCSE yanatoka Agosti wakati Kidato cha Tano kinaanza Julai. Shule imekubali kumshikia nafasi?

Baba Wawili, Leicester

Na hapo ndipo ninapoumia. Mtoto wa Mtanzania, bibi yake yuko Rungwe analima viazi, anaombewa kibali cha kukaa kwao. Uraia pacha tumeuomba mpaka tumezeeka. Sasa tunaambiwa hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania. Sawa, ni hatua, lakini hadhi si uraia.

Dada wa Leeds

Kaka, mtoto chini ya miaka 18 anaweza kuwa na uraia wote wawili, kuchagua kunakuja akifika huko. Kama ana pasipoti ya Tanzania hahitaji kibali chochote. Tusimtishe Mama T. bure.

Mwana Mbeya, Northampton

Nimesema "kama". Someni kabla ya kujibu.

Mama T., Reading

Asanteni nyote. Pasipoti ya Tanzania anayo, ya NECTA shule imekubali kusubiri hadi Agosti. Bado yuko hapa, anaondoka wiki ijayo. Lakini ndugu zangu, ile barua? Wifi amerudi tena leo, kamkuta mtu mwingine, naye kasema alete barua.

Na jingine: fomu inasema nywele fupi, zisisukwe. Binti analia, nywele amezifuga tangu mdogo.

Mama wa Cardiff

Mnyoe nyumbani, wewe mwenyewe, mkiwa wawili, kabla hajaondoka. Asinyolewe getini mbele ya watu. Kama anavaa hijabu, ulizeni rangi na urefu wanaoutaka, na achukue za kutosha kubadilisha, maana nyeupe huchafuka upesi.

Kaka wa Aberdeen

Barua ya shule, nafikiri. Mkuu wa shule aandike kwamba fulani ni mwanafunzi wake na hizi ni nguo za fomu ya kujiunga.

Mzee wa Slough

Barua ya shule haina nafasi kisheria. Ni pasipoti na tamko la abiria.

Dada wa Leeds

Mzee, kila ofisi ina afisa wake na kila afisa ana barua yake. Achukue vyote: barua ya shule, fomu, pasipoti, na barua ya mama kumruhusu wifi, na nakala ya kitambulisho cha mama.

Fundi Dada, Milton Keynes

Mama T., wakati hayo yanaendelea, usikae bila vipimo. Leo jioni mpime, sanduku litoke au lisitoke, fundi wa Njombe aanze kesho. Mpime akiwa amevaa fulana nyepesi, na asivute tumbo ndani. Bega hadi bega kwa nyuma, kifua, kiuno, nyonga mahali palipo panene zaidi. Urefu wa sketi pima kutoka kiunoni hadi chini ya goti akiwa amesimama na viatu. Mkono pima kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo.

Mwambie fundi aache upindo wa inchi tatu chini ya sketi na mshono wa ziada kiunoni. Umri huo wanarefuka kati ya likizo na likizo, na upindo ukifumuliwa sketi inamaliza Kidato cha Sita. Aanze na sketi mbili na mashati matatu, zingine zishonwe baada ya kumwona. Wifi ampigie fundi, wewe nitumie vipimo faragha nivikague kabla havijaenda.