Kronwili ya mbele inalika meno kwenye bagi ya fowili ya 1/8, nyuma iko salama. Kwa nini?

bagi_dom

Wakuu habari zenu. Naomba msaada wa wanaojua magari ya rimoti ya mashindano.

Nina bagi (gari la rimoti la kukimbia kwenye vumbi) ya 1/8, yaani moja ya nane ya gari halisi, ya umeme, fowili (magurudumu yote manne yanavuta), inaendeshwa kwa shafti, ina difu tatu: mbele, kati na nyuma. Niliichukua mtumba. Betri ni 4S (seli nne), mota 2,000 kV (mizunguko kwa dakika kwa kila volti), gia ya mota meno 15 na gia kubwa ya kati meno 46. Kronwili (gia kubwa ya difu) ina meno 43 na pinieni (gia ndogo inayoizungusha) 10, mbele na nyuma sawasawa. Tunakimbizia nje kidogo ya Dodoma, changarawe na vumbi, na kuna ruka moja refu ambalo kila mtu analipenda.

Shida iko difu ya mbele. Naweka kronwili mpya, gari linakwenda vizuri, halafu naanza kusikia "krrr" kila nikifunga breki. Ikizidi, inasikika hata nikitia moto. Mwisho mbele inakatika kabisa, na hapo gari halivuti hata kwa nyuma, linajikokota tu huku shafti ya mbele ikizunguka bure. Difu ya nyuma ina kronwili ileile na pinieni ileile lakini haijawahi kunisumbua hata kidogo.

Vipuri nasubiri mtu anayetoka Dubai, kwa hiyo nataka kujua chanzo kabla sijaagiza tena. Halafu mafuta ya difu yamekwisha. Naweza kuweka oili ya giaboksi namba 140 ya gari kubwa? Na la mwisho: nikitaka 1/10 ya fowili baadaye, nichukue ya mkanda au ya shafti?

kasi_arusha

Mkuu, tafuta kronwili ngumu zaidi ya chuma, na upunguze moto kwenye spidi kontrola (kifaa kinachoongoza nguvu ya mota). 4S ni umeme mwingi kwa gari la mtumba.

fundi_muscat

Ndugu yangu wa Dodoma, assalaam aleikum. Usiagize kitu kwanza.

Niko Muscat, nakimbiza 1/8 za umeme na za nitro (injini ndogo ya mafuta), na kazi ya difu naifanya kwa mikono yangu, yangu na ya vijana wa hapa. Ndugu wa Arusha, kronwili za bagi za mashindano za 1/8 ni za chuma tayari, na hiyo ya nyuma inabeba 4S ileile bila kulalamika. Chuma si tatizo. Kuna kitu mbele kinairuhusu kronwili isogee ikipata mzigo.

Chukua ile iliyokufa, ioshe kwa mafuta ya taa, uipige picha ya karibu kwa simu kisha uikuze. Kama meno mawili au matatu ya jirani yamekatika toka shinani na mengine ni mazima, hilo ni pigo: umetua kutoka kwenye ruka huku triga ya rimoti bado umeivuta. Magurudumu yakiwa hewani yanazunguka kasi sana, yanapogusa ardhi yanazuiwa ghafla, na pigo lote linaishia kwenye meno machache yaliyogusana wakati huo. Lakini kama ncha zimelika mzunguko mzima na mashina ni mazima, basi meno yalikuwa yanagusana juujuu, yaani kronwili imekaa mbali na pinieni. Tazama pia ni uso upi wa jino umeumia. Uso mmoja unabeba mzigo wa kuvuta, mwingine wa breki. Ukianza kusikia kelele kwenye breki, nategemea uso wa breki ndio umelika zaidi.

Kwa nini mbele na si nyuma? Gari la umeme linafunga breki kwa mota yenyewe, na nguvu hiyo inapita difu ya kati kwenda pande zote mbili. Ukifunga breki uzito unahamia mbele, matairi ya nyuma yanakuwa mepesi na kukosa mshiko. Difu ya kati ikiwa na mafuta mazito, inakaribia kuwa imefungwa, na mzigo mkubwa wa breki unaishia mbele. Ongeza na hili: giaboksi ya mbele ndiyo inayopokea kila ukuta, kila bomba na kila jiwe unaloligonga. Gari la mtumba limeshagonga mengi kabla halijafika kwako.

Halafu fikiria kazi ya beringi. Kronwili na pinieni zina meno ya kulala, zikipata mzigo zinasukumana, kila moja inataka kumkimbia mwenzake. Kinachoizuia kronwili ni beringi mbili za pembeni ya difu na viti vyake vya plastiki. Beringi ikilegea au kiti kikipanuka, difu inahama pembeni kiasi kidogo sana, na kiasi hicho kinatosha kuyatoa meno kwenye kina chake. Ukiijaribu kwa mkono bila mzigo unaiona imekaza vizuri.

Kwa hiyo jaribu hivi. Toa magurudumu na shafti zote za mbele, acha difu ndani ya giaboksi na skrubu zimefungwa. Shika kikombe cha difu (kile kinachopokea shafti ya gurudumu) kila upande, sukuma kushoto, vuta kulia, kwa nguvu. Usisikie mchezo wowote. Halafu mshikilie pinieni asizunguke, uitikise difu mbele na nyuma. Hapo ndipo unapotaka "tik" ndogo sana, ya kuisikia kwenye vidole kuliko kuiona kwa macho. Zungusha robo duara, rudia, mpaka umalize mzunguko. Kama sehemu moja inabana na nyingine ina nafasi, kronwili imepinda au kuna uchafu chini yake ilipofungwa kwenye kasha la difu.

Kisha fungua, paka meno matano hivi ya kronwili kwa kalamu ya maka nyeusi, funga tena. Zungusha huku mwenzako anazuia vikombe viwili vya pembeni kwa kitambaa ili pawe na mzigo. Fungua utazame wino ulipofutika. Ukifutika katikati ya uso wa jino, umepatia. Ukifutika nchani tu, kronwili iko mbali.

Kuisogeza ni kazi ya washa nyembamba zinazokaa kwenye beringi ya difu. Beringi nyingi za difu za 1/8 ni 8x16x5, washa zake zipo za milimita 0.1 na 0.2, lakini pima zako kwanza. Washa ukiihamishia upande wa nyuma ya kronwili, kronwili inasogea kwenye pinieni. Ihamishe upande wa pili, inajitenga. Badilisha moja tu, jaribu, ndipo ubadilishe nyingine.

Oili namba 140 usiweke. Unaiona nzito kwa sababu unailinganisha na ya injini. Kwenye nyuzi 40 inakuwa kama cSt 400 (cSt ni kipimo cha uzito wa mafuta), wakati difu zetu zinatumia mafuta ya silikoni ya maelfu. Mimi ningeanza na 7,000 mbele, 7,000 kati, 3,000 nyuma. Wengine wanapanda 10,000 mbele na kati na 5,000 nyuma kwenye uwanja wenye mshiko, lakini changarawe yako haina mshiko huo, na kati ukiipunguza unapunguza pia kile kipigo cha breki. Jaza mpaka mafuta yafunike pini za msalaba zilizobeba gia ndogo, iache wima mpaka mapovu yatoke, ongeza kidogo, funga. Usijaze hadi mdomoni, mafuta yakipata joto yanatanuka na kutokea kwenye sili. Mimi napima kila difu kwa mizani ndogo ya sonara, ili nikifungua baadaye nijue kama imevuja.

Nje ya kasha la difu, kwenye kronwili na pinieni, ni grisi. Paka meno, usijaze boksi. Na zile pini za shafti zinazoingia kwenye vikombe, ambazo ziko wazi, mimi siziwekei grisi kabisa kwenye vumbi. Grisi inashika mchanga na mchanga unakula pini.

mkanda_leicester

Najibu la 1/10 tu, maana kwenye 1/8 fundi amemaliza. Historia ya fowili za 1/10 imepita njia zote. Mwaka 1985, kwenye mashindano ya kwanza ya dunia pale Del Mar, California, gari la Yokomo lililoshinda daraja la fowili lilikuwa la mnyororo. Mwaka 1987 pale Romsey, hapa Uingereza, dereva Mjapani Masami Hirosaka akashinda daraja hilo na Schumacher CAT, gari la mkanda. Mkanda ni laini, kimya, na mapigo ya kutua unayameza vizuri kuliko gia za pembe (kronwili na pinieni) za magari ya shafti.

Lakini sisi huku tunakimbiza kwenye zulia na nyasi za bandia. Kokoto moja ikiingia kati ya mkanda na puli, mkanda unaruka meno au unachanika. Kwa changarawe ya Dodoma chukua shafti, na hakikisha giaboksi zake zimefungwa vizuri.

bagi_dom

Wakuu asanteni sana. Nimefungua usiku huu.

Ncha zimelika mzunguko mzima, uso wa breki ndio umeumia zaidi, mashina ni mazima. Nilipoishika difu na kuisukuma pembeni, inacheza. Beringi ya upande wa kronwili inakwaruza nikiizungusha, na nilipoitoa nikaona kiti chake kina ufa mwembamba unaoanzia kwenye tundu la skrubu. Skrubu ikiwa imekazwa, ufa huuoni. Difu ya kati nimeikuta na mafuta mazito mno, yananata kama gundi.

Je, ule ufa naweza kuuziba na epoksi mpaka vipuri vifike?

fundi_muscat

Hapana, usiuzibe. Kiti kinatakiwa kuwa duara kamili, epoksi itakupa kiti cha umbo lingine na beringi mpya itakufa upesi. Agiza nusu zote mbili za giaboksi ya mbele, beringi mbili za difu, beringi za pinieni, na kronwili pamoja na pinieni yake. Pinieni uliyonayo imezunguka na kronwili zilizokaa vibaya, meno yake yameshafuata umbo hilo, ukiiacha itaila mpya. Ongeza pakiti ya washa, ni bei ndogo.

Wakati unasubiri, ioshe ile difu ya kati na uweke 7,000. Punguza pia nguvu ya breki kwenye spidi kontrola, anza na nusu ya uliyonayo. Vipuri vikifika, paka maka, panga washa, halafu endesha betri moja bila kuligusa lile ruka refu. Fungua tena utazame meno kabla hujaendelea. Tuma picha hapa.